Sakafu ya Mama Saulo

Debe lilivuja tangu mtoni, na Benedicta alipofika juu ya kilima kanga ilikuwa imemganda mgongoni. Hakupumzika. Alimwagia maji mavi mabichi ya ng'ombe, akachanganya na majivu, akapiga magoti kusiriba sakafu kwa viganja, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Mama Saulo, si umesiriba juzi tu?" Jirani yake Kudra alichungulia.

"Juzi hakukuwa na mgeni. Leo anakuja Bwana Afya."

Kwao Tosamaganga mgeni wa heshima hakanyagi sakafu ya juzi. Hata padri alipokuja kumpaka mama yake mafuta matakatifu, nyumba ilisiribwa kwanza.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mtaa wa Waafrika utatengenezwa: barabara, taa, bomba. Nyumba safi zitabaki, chafu zitavunjwa, wenyewe wahamie ng'ambo ya Ruaha. Wazungu na Wahindi walikuwa na mabomba yao miaka mingi, wala hakuna aliyewahi kuingia vyumbani mwao kunusa.

Mtaro wa bomba ulipita karibu na mlango wa Benedicta. Alilitaka lile bomba kuliko kitu chochote duniani. Alitoka kutazama barabara, akarudi, akatoka tena, akapangusa kizingiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Bwana Afya alifika na mkalimani wake, Filemoni, Mhehe aliyevaa viatu vinavyong'aa. Mzungu aliingiza kichwa, akaziba pua kwa leso, akafoka.

"Anauliza, ng'ombe analala humu?"

"Ng'ombe gani, baba? Hii sakafu nimemsiribia yeye. Mwambie."

Filemoni alizitazama alama za viganja zilizopangana vizuri hadi ukutani.

"Mwambie! Wewe si Mhehe? Si umetambaa juu ya sakafu kama hii?"

Mzungu aliuliza mama anasema nini. Filemoni akajibu kwa Kiingereza, kifupi sana. Mzungu akatikisa kichwa, akachora msalaba mwekundu mlangoni.

"Umemwambia nini?"

"Nina watoto, mama," Filemoni alisema, akimfuata bwana wake.

Kwa Kudra, ambaye hakuwa amesiriba tangu Idi, walikuta sakafu kavu, haina harufu. Wakapita.

Mwaka uliofuata mtaa ulipendeza, nani atabisha? Sasa wakubwa wakataka maua kando ya barabara, na maua yanataka mbolea. Benedicta akapata kibarua cha kubeba samadi kutoka ng'ambo ya mto. Alimwaga karai lake pale ulipokuwa mlango wake. Bwana Afya aliinama, akaivunjavunja samadi kwa vidole, akaridhika. Leso ilibaki mfukoni.

"Anasema ni nzuri," Filemoni alisema bila kumtazama. "Ulete nyingine."

Bwana Afya akanawa bombani. Benedicta naye akasogea.

"Wewe wa wapi?" mlinzi wa bomba alimzuia. "Hili ni la wakazi."

"Nataka kunawa tu, baba."

"Mto umekauka?"

Benedicta alishika njia ya Ruaha, mikono yake kaiweka mbali na kanga. Nyuma yake bomba, ambalo Bwana Afya hakulifunga vizuri, liliendelea kuchuruzika mchangani.