Kisima Kilicholala

Siku ile mjinga alikuwa Orest Hrycak, na tangu hapo hajamtafuta mwingine wa kumtwisha ujinga huo. Mwenyekiti wa baraza la wilaya, miaka thelathini kwenye visima vya mafuta vya Alberta, Kanada, tumbo limetangulia, kofia ya kampuni iliyokwisha kufilisika bado iko kichwani: ndiye aliyewatoa madiwani ukumbini, pirohi zao za viazi zingali zinatoa moshi mezani, akawapeleka shambani kwake wakajionee.

Lililobishaniwa ni ombi la Lesia, binti yake. Kipande kimoja cha shamba hakikuota kitu tangu kampuni ichimbe, ichote, itokomee; hata kanola, mmea wa mbegu za mafuta, ilikataa. Lesia alitaka kupanga paneli za sola pale, apate cha kumweka nyumbani. Akikataliwa, anahamia mjini Saskatoon. Alishasema, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Orest alisimama kando ya bomba lililozibwa, akaligonga kwa buti.

"Kisima hiki kimelisha nyumba yangu, kikalisha na zenu. Sasa kimelala zake, hakimsumbui mtu. Leo ndiyo tuambiwe mafuta ni uchafu, tukapange vioo?"

"Kimelala, mwenyekiti, au kinajifanya?" aliuliza Merv Dubyk, diwani aliyeishi kwa kumchokoza.

"Wewe Merv hata mkeo akikoroma unadhani anajifanya."

Walikuwa wangali wanacheka, mara kidude cha kunusia gesi ya sumu kikalia kifuani pa Orest. Kikafuata cha Merv, kisha vya wengine. Watu wa visima huvaa vidude hivyo hata kanisani, kwa mazoea tu. Hakuna aliyeuliza swali. Orest alitazama nyasi zinalalia wapi, akaelekea upepo unakotoka, mwendo wa mbio ambao tumbo lile halikuahidi, na madiwani wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyofundishwa ujanani.

Juu ya kilima akawahesabu. Saba, pamoja naye. Wametimia.

"Lesia je?" Merv akauliza.

Lesia alikuwa bondeni, akipigilia vigingi vya mpaka wa paneli zake. Gesi ile ni nzito, hushuka. Walimwona akitokea upande wa pili, anakohoa, macho mekundu, akijikokota peke yake hadi kwenye gari.

Mafundi waliitwa, bomba likazibwa upya, baraza likarudi ukumbini, Lesia nyuma yao. Ungedhani mjadala umekwisha. Zikapigwa kura: watatu ndiyo, watatu hapana. Orest akainua mkono wake mzito. Hapana.

"Mwenyekiti," Merv alisema taratibu, "kisima kimekufukuza mbele yetu sote, na bado unakipigia kura?"

Orest alisukuma kiti nyuma. Alitoka nje, akamkuta Lesia anafungua mlango wa gari.

"Binti yangu, nielewe. Nusu ya wilaya hii wametoka visimani. Wamenichagua mimi. Nikiwaambia kazi ya maisha yao ilikuwa makosa, nitawatazamaje?"

"Hakuna aliyekuomba useme hivyo, Baba. Niliomba kipande kisichoota hata magugu."

"Leo kipande, kesho wilaya nzima. Kiongozi hawaachi watu wake."

"Mimi leo uliniacha."

Orest alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Hilo usinilaumu. Kanuni unaijua tangu utotoni. Kidude kikilia, unakwenda upepo unakotoka, wala usirudi nyuma bila kinyago cha hewa. Ukirudi, wanazikwa wawili. Nimeifuata kanuni."

"Kanuni inakataza kurudi, Baba," Lesia alisema, akiwasha gari. "Haikatazi kuita jina langu."