Mikono ya Mama Sura

Majirani walimwita Mama Sura, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kukoroga krimu za kung'arisha ngozi. Chumba cha uani alikuwa amekigeuza karakana: beseni la plastiki, mwiko, makopo yasiyo na lebo, na unga mweupe aliouziwa na mchuuzi mmoja asiyependa maswali. Unatoka wapi, hakujua. Alijua tu kwamba bila unga huo mkorogo haukamati, na wateja wangemkimbia.

Yeye mwenyewe alikuwa mweusi tii, na hakujipaka hata tone.

"Wewe mpishi gani usiyeonja?" wateja walimtania.

"Mimi nimeshaolewa, nimvutie nani tena?" alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama Sura alimpiga binti yake marufuku kugusa kopo hata moja. "Hiyo ya watu, mwanangu," alimwambia. Ya watu! Ndivyo tunavyosema dhamiri inapotuuma kidogo, lakini si sana.

Binti huyo alikuwa keshia wa duka kubwa. Alitoka asubuhi, akarudi jioni, na mwanawe akabaki na bibi. Mtoto huyo wa kiume ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede, akishikilia kiti na kujichekea kwa ushindi. Bibi alimwita mume wangu. "Mume wangu kaninunia leo, nimemchelewesha maziwa," aliwaambia wateja, huku ameacha mwiko ndani ya beseni, anajifuta mikono kwa taulo. Taulo hilohilo akamfutia mtoto mdomo, kisha akampakata.

Ugonjwa ulianza kwa viganja. Viliwiva vikawa vyekundu, vikachubuka, na nyayo zikafuata. Mtoto akawa analoa jasho hata kukiwa na baridi. Muuza dawa akasema ni meno. Jirani akasema ni minyoo. Wakati wanabishana, mtoto akaacha kusimama. Miguu ililegea, na kilio chake kilikuwa cha kutwa nzima, cha mtu mzima aliyefiwa. Hakutulia kwa yeyote ila kwa bibi yake. Alimlaza kifuani, akamsugua mgongo polepole kwa kiganja, mpaka mtoto akafumba macho. Kadiri alivyougua ndivyo bibi alivyozidi kumbeba. Alikuwa tayari hata kufunga kazi kwa ajili yake, na siku nyingine alifunga kweli, akashinda naye kifuani.

Hospitalini daktari aliuliza kama nyumbani kuna anayejipaka krimu za kung'arisha ngozi.

"Hakuna," alisema binti.

"Hakuna, daktari," alisema Mama Sura. Wala hakudanganya, na hapo ndipo ilipokuwa balaa.

Daktari akawapima wote watatu. Majibu yalipotoka, aliwaita pembeni. Mwilini mwa mtoto mlikuwa na zebaki, sumu inayokula figo na mishipa ya fahamu. Mama yake alikuwa nayo kidogo tu. Bibi alikuwa nayo kuliko wote.

"Mama, unashika nini?" daktari aliuliza.

Mama Sura aliitazama mikono yake, akajibu kwa sauti ya chini, "Nakoroga."

Binti alimgeukia. "Mama, si ulisema ni ya watu?"

Daktari akaeleza bila kumgombeza bibi: zebaki iliyo kwenye krimu hizo inapenya kwenye ngozi, inakaa kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye nguo za kifuani. Mtoto ataanza dawa. Atatembea? Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na udhaifu, asingeweza kuwaahidi. Ila kwa sasa bibi asimguse.

Mama Sura alihesabu moyoni kila mara aliyomtuliza, na akajichukia. Akamkumbuka na mteja mmoja mjamzito, aliyeondoka na kopo lake anacheka. Akatamani kumpigia simu papo hapo, lakini hata jina lake hakulijua.

Alisimama mlangoni pa wodi kuaga. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa mama yake, anajinyonganyonga, anamsukuma. Mama alipomrudisha kitandani apumue kidogo, mtoto akamwona bibi. Kilio kikakatika. Akashika vyuma vya kitanda kwa vile viganja vyekundu, akajivuta, akajivuta tena. Akasimama.

"Mama, ona!" binti alipiga kelele. Furaha ilimsahaulisha hasira yote.

Mtoto akaachia mkono mmoja, akamnyooshea bibi. Miguu ikatetemeka, ikakunjika, akaanguka juu ya godoro. Kilio kikaanza upya, na mkono ungali umenyooshwa.

Mama Sura alikuwa ameshapiga hatua. Alisimama, akairudisha mikono mgongoni, mmoja ukaukamata mwingine kwa nguvu.

"Lala, mume wangu," alisema, machozi yakimtiririka na hana cha kuyafutia. "Lala na mama yako."