Askofu Akwama Ngazini

Saksafoni tunayoiita Askofu inamzidi kimo mwalimu wetu wa mazoezi, haiendi popote bila kubebwa, na kabla ya kusema lolote huhema kwanza. Ndiyo maana ikapewa cheo hicho. Hapa Dinant, mji alikozaliwa mbunifu wa saksafoni, mtoto hutiwa saksafoni mdomoni kabla hajamaliza kuota meno, lakini hiyo moja wenzangu wote shuleni waliikimbia. Haifai kwa gwaride, haiingii garini, na watunzi wa muziki karibu wote waliisahau. Ukiipuliza noti ya chini kabisa, hutoka upepo mtupu. Halafu, ukishakata tamaa, magoti yako husikia kabla ya masikio. Mimi niliipenda papo hapo. Nilikuwa mnyonge wa kila timu ya mpira, na sasa nilikuwa na pumzi ya kutikisa ukuta.

Askofu hukaa darini, kando ya dohani ya zamani inayoshuka mpaka chumba cha boila inayopasha shule joto. Aliyegundua matumizi ya dohani hiyo ni Odile Pirotte, mwanafunzi mwenzangu wa muziki, msichana mpole wa sura na mbaya wa mawazo.

"Ghislain, mgeuze Askofu, mdomo wake uingie humu," alisema. "Wenzetu wana mtihani wa Kiholanzi. Tuwaokoe."

Nikapuliza. Jengo likanguruma kutoka chini, vioo vikatetemeka, na mwalimu wa Kiholanzi akawatoa watahiniwa nje uwanjani akipiga kelele kwamba boila italipuka. Mzee Anselme, mtunza majengo, akaja mbio kutoka nyumba yake ya getini, spana mkononi. Odile alikuwa dirishani akimchungulia. Aliponipungia mkono, nikanyamaza. Mzee akashuka akakuta boila imetulia kama mtawa kwenye sala.

Wokovu huo tuliurudia kila palipokuwa na mtihani. Sikufikiri kwamba kuna mtu angelaumiwa. Shule nzima iliusikia mngurumo; mtu mmoja tu hakuusikia, maana tulinyamaza kila alipokaribia, naye ndiye aliyeajiriwa ili ausikie.

Siku moja Mzee Anselme akanifuata kwenye ukumbi wa chakula, kofia ameivua.

"Mwanangu, wewe una masikio ya muziki. Njoo unisikilizie boila."

"Mimi, Mzee?"

"Mkuu wa shule anasema masikio yangu yamekwisha. Baada ya Pasaka ataleta mwingine, na nyumba ya getini inakwenda na kazi. Mama watoto bado sijamwambia."

Nilishuka naye. Aliweka kiganja juu ya boila kama mtu anayempima mtoto homa. "Inanguruma?"

"Hapana, Mzee. Sisikii kitu."

Ulikuwa ukweli mtupu, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko ule. Mzee akacheka kwa faraja, akanimegea keki yake ya asali, ile ya kwetu ambayo mgeni akiing'ata hubakiza jino humo. "Asante, mwanangu. Au labda tumezibwa wote wawili!" Niliitafuna ile keki nikitamani inivunje taya.

Nilimkuta Odile darini. "Twende tukaseme."

"Watatunyang'anya Askofu."

"Odile, ni nyumba yake."

Alifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Haya. Lakini wewe ndiye msemaji. Mimi nitatia huruma."

Mkuu wa shule, Bwana Hennuy, alinisikiliza mpaka mwisho: dohani, dirisha, mtihani wa Kiholanzi. Nikainamisha kichwa kungoja radi. Nilipokiinua, macho yake yalikuwa na machozi.

"Una moyo mzuri, Ghislain. Unamkinga mzee."

"Hapana, Mkuu! Ni sisi kweli!"

"Kijana, mimi ni mzaliwa wa Dinant. Baba yangu alipiga saksafoni. Babu yangu alizikwa na yake. Leo nisikie saksafoni nidhani ni boila? Usinitukane."

Nimesingiziwa maovu mara nyingi na nikalala usingizi mzuri. Kusingiziwa wema hakuvumiliki.

"Basi panda uione," Odile akasema.

"Kwa goti hili? Ileteni hapa."

Tukaenda kuileta. Mimi nilishika chini, Odile juu, na watoto wa madarasa ya chini wakajipanga kutushauri. Kwenye kona ya ngazi Askofu akaingiza shingo kati ya nguzo mbili za mbao za ukingo wa ngazi, akagoma. Tukasukuma, tukavuta. Mkuu akatokea chini, mikono nyuma. Mzee Anselme naye akaja na kisanduku chake cha vifaa, maana alikuwa ameambiwa kuna kitu kimekwama.

"Imetosha, watoto," Mkuu alisema. "Anselme ameshaelewa kwamba mnampenda."

Nililala chali kwenye vipandio vya ngazi, nikakitafuta kipulizio kwa mdomo, nikapuliza. Ukatoka upepo. Mtoto mmoja akacheka. Nikavuta pumzi iliyobaki, nikamwaga yote.

Mbao zikaanza kulia. Miwani ya Mkuu ikashuka puani, naye asiirudishe. Nilipomaliza, ngazi ilikuwa bado inatetemeka chini ya mgongo wangu.

"Hiyo…" alisema Mkuu.

"Ni saksafoni, Mkuu."

Alimgeukia mzee, shingo imemwiva. "Anselme, habari ya Pasaka… tuiache. Usihame." Kisha akatutazama sisi wawili. "Nyinyi, ofisini. Mkishaitoa hiyo."

Mzee Anselme alikuwa akinitazama. "Nimeisikia," alisema taratibu. "Nimeisikia yote." Nikangoja anitukane, nikaomba kimoyomoyo anitukane. Alipiga magoti kwenye kipandio, akafungua kisanduku, akaanza kulegeza nguzo, skrubu baada ya skrubu, akiwa mwangalifu asimkwaruze Askofu.

Akaninyooshea tochi bila kunitazama.

"Mulika hapa," alisema. "Mkono usitetemeke."