Bati Lenye Tangi Jeusi

Kabla ya kupanda ngazi, rubani mstaafu aliizunguka kwanza. Akaikanyaga miguu ya ngazi, akaivuta kamba, huku akijisemea kwa sauti: "Miguu, imekaa. Kamba, imekaza." Ndivyo alivyoizunguka ndege miaka yote ya jeshi, na ndivyo alivyozunguka kila kitu tangu ajiunge na kikundi cha kujitolea kinachowatengenezea wazee nyumba zao.

"Unakwenda kuzibua mfereji wa bati au unakwenda vitani?" aliuliza bibi mwenye nyumba, ameketi kizingitini.

"Kote kunataka ukaguzi, mama."

"Haya, kagua, mvua nayo inakusubiri."

Alipanda. Akachota majani makavu kwa mkono na kuyatia ndooni, taratibu, mpaka akafika penye tangi jeusi la maji. Alipoinua macho, aliona nyuma ya ukuta ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo, na bati jingine lenye tangi jeusi vilevile. Mkono ukasimama. Kwa chini hakuutambua mtaa, kwa jinsi ulivyojengwa upya. Kwa juu aliutambua papo hapo.

Nyumba ile ya nyuma yeye na mkewe waliipanga walipooana. Mkewe ndiye aliyeishi humo. Yeye alikuwa kambini, akija likizo kama mgeni. Kila aliporuka juu ya mtaa alilitafuta tangi jeusi, akainamisha bawa la ndege kumsalimia. Mkewe akalalamika kwamba anasalimia watu wa nyumba nyingine. Yeye akacheka: "Niliye juu ni mimi, ninayeona ni mimi." Mwishowe mkewe akasema hatoki tena nje kutazama salamu zisizo zake. Sasa hayupo duniani, na neno lile halijamtoka mumewe moyoni.

Aliposhuka, bibi alimpa maji ya kunywa.

"Wenzako wanasema ulikuwa rubani wa jeshi."

"Nilikuwa, mama."

"Kuna ndege ilikuwa ikipita hapa, ikifika juu ya bati langu inainama. Mwanangu alikuwa jeshini, mpishi. Alikwenda, hakurudi. Najua mpishi hapewi ndege, sijarukwa na akili. Lakini nilisema, labda kamwomba rubani: ukipita kwetu, nisalimie mama." Akamkazia macho. "Rubani yule si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi, alikuomba?"

"Ndiyo" lilikuwa neno jepesi. Hakuna ambaye angelipinga, na bibi alikwishakaa mkao wa kulipokea. Rubani aliyatazama maji mkononi.

"Hapana, mama. Nilikuwa namsalimia mke wangu, nyumba ya nyuma. Nilikosea bati."

Bibi alikunja pindo la nguo yake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ungenidanganya, nisingejua."

"Nisingeweza. Nisamehe."

Rubani akanywa maji, akarudisha kikombe.

"Mkeo ni yule mwembamba?" bibi akauliza hatimaye. "Aliyekuwa akiimba akianika nguo?"

"Mbele yangu hakuimba kamwe."

"Basi ndiye, aliimba akiwa peke yake. Ndege ikija, mimi napunga huku, naye anapunga kule. Nikadhani ananisaidia kumsalimia mwanangu. Ikishapotea, mimi naingia ndani, yeye bado amesimama."

"Aliniambia ameacha kutoka."

"Wewe nawe! Mke aliyenuna ulitaka akuambie nini?" Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa pindo lile lile.

Rubani akaketi kando yake kizingitini.

"Alikuwa akipunga mkono gani, mama?"

Bibi aliinua wa kushoto, akaushusha. Akainua wa kulia, akauacha hewani.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza, nisije nikakudanganya."