Sahihi Kwenye Fomu ya Halina

Simu ya shuleni ilinikuta karakana ya manispaa, nimelala chali chini ya gari la kuondoa theluji, nafungua nati zilizoshikwa na kutu. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa saba mchana. Mwalimu Abernathy, anayemfundisha binti yangu hisabati, hakupoteza muda kwa salamu.

"Bwana Wojtas, unaweza kufika leo saa nane na nusu? Halina mzima, usishtuke. Kuna karatasi nataka uione kwa macho yako."

"Karatasi gani?"

"Njoo uione."

Nikanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, nikaondoka na ovaroli mwilini. Njia nzima nilijua ni fomu ile. Sikujua tu imefanyaje.

Halina alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la saba. Wiki mbili kabla ya hapo alikuja na fomu kutoka shuleni: katika mtihani wa majira ya baridi alikuwa amewapita wote, na shule ilikuwa tayari kumrusha hisabati ya darasa la nane, Septemba aingie moja kwa moja kwenye aljebra, somo ambalo wenzake wangelikuta sekondari. Ilihitajika sahihi ya baba au mama. Mke wangu, Paula, alitaka tukubaliane kwanza. Mimi nilikataa.

"Mtoto anasinzia darasani, Gerry," Paula aliniambia, huku anakaanga pierogi, sambusa za Kipolandi, kwa siagi na vitunguu. "Zoezi la dakika arobaini analimaliza kwa dakika kumi, halafu anachora paka pembeni mwa daftari."

"Achore. Paka hawajamdhuru mtu."

"Mimi sitanii."

"Na mimi sitanii. Hapana."

Halina aliweka uma chini. "Baba, nipe sababu moja tu."

"Ana miaka kumi na miwili. Anakimbilia wapi?"

"Mimi niko hapa, Baba. Usiniseme kama sipo. Na hiyo si sababu."

Kweli haikuwa sababu. Sababu nilikuwa nayo, nimeikalia miaka ishirini na tisa, na sikuwa na nia ya kuitoa mezani. Basi kila jioni ikawa maneno hayohayo, hadi tukawa tunakula kimyakimya kama abiria wasiojuana. Fomu ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Ijumaa, siku ya mwisho kuipeleka, theluji nzito inayoletwa na upepo wa ziwani ilitushukia, nikaitwa kazini alfajiri. Niliporudi, friji ilikuwa tupu mlangoni. Nilidhani Paula ameitupa kwa hasira. Paula, nilikuja kugundua, alidhani nimeitupa mimi. Hatukuulizana.

Jumanne hiyo Mwalimu Abernathy alinikalisha katika darasa lake baada ya wanafunzi kutoka. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayesikiliza bila kupepesa macho. Halina alikuwa ameshakaa, koti mwilini, begi mapajani. Hakunisalimia.

Mwalimu akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa fomu ile, na chini kabisa ilikuwa sahihi yangu. G yangu iliyopinda mgongo. Mkia mrefu wa s ya mwisho. Hata ule mkwaruzo ninaoupiga juu ya t kwa haraka.

"Niliipokea Ijumaa," alisema. "Jana mama Halina akanipigia, ananiomba nimwongezee siku mbili tatu, anasema bado anakubembeleza. Ndipo nikaitoa kwenye faili nikaitazama tena. Bwana Wojtas, hii sahihi ni yako?"

Bomba la joto lilikuwa linagonga ukutani. Uwanjani nje mtu alikuwa anadundisha mpira, unasikika kila unapogusa lami. Nilimtazama Halina, naye hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu, kana kwamba jibu lingetokea pale.

Nikisema ndiyo, mambo yanaisha. Anaingia aljebra, anaepuka adhabu, tunarudi nyumbani tukiwa na siri yetu wawili. Nikisema hapana, nimemkamatisha mwanangu mwenyewe.

"Si yangu."

Halina akavuta pumzi. "Nilijua. Nilijua tu utaniuza."

"Halina," mwalimu alisema.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu? Hana sababu! Muulize. Wiki mbili namwuliza, anasema hapana, hapana, kama kasuku. Hata Mama hajui kwa nini!"

Mwalimu akanigeukia.

Basi nikasema. Nilisema nikiitazama meza. Kwamba na mimi nilirushwa, umri huohuo, mji huuhuu, shule nyingine. Kwamba marehemu baba yangu alilitangaza hilo hadi kinyozini. Kwamba kufika Oktoba kulikuwa na jambo darasani nisilolielewa, jambo dogo, la wiki moja, ambalo wenzangu walikuwa wamefundishwa katika mwaka nilioruka. Nikaona haya kuuliza. Karatasi zenye alama mbaya nikawa nazisokomeza ndani ya begi la vifaa vya hoki, chini ya soksi zinazonuka, mahali ambapo mama asingetia mkono. Zilikaa humo hadi Februari. Zilipogunduliwa, baba hakunipiga wala hakunikaripia. Aliacha kunitaja tu. Na mimi nikaacha kusoma.

"Nilikuwa napenda hesabu," nilisema. "Nilikuwa nazipenda kama wewe unavyozipenda."

Macho yalikuwa yamemlowa Halina, lakini kidevu bado alikuwa amekiinua.

"Kwa hiyo mimi ni wewe?"

"Sijasema hivyo."

"Wiki mbili nzima umesema hivyo. Ila ulikuwa unatumia neno hapana."

Mwalimu Abernathy hakutufariji hata mmoja wetu. Alichana fomu vipande viwili. Akasema kughushi ni kughushi: Halina atakaa ofisini siku mbili, chakula cha mchana atakula hukohuko peke yake. "Na hilo la kuruka," akaongeza, "tuache kulumbana kwa hisia. Ninao mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Maswali arobaini. Aufanye Ijumaa. Akipata thelathini na mbili, tutazungumza. Chini ya hapo, hakuna mazungumzo."

Nyumbani nilimsimulia Paula yote, pamoja na la begi la hoki. Alinisikiliza hadi mwisho. "Miaka kumi na sita ya ndoa," alisema, "nalisikia leo, baada ya mwalimu." Akatoka kwenda kutembea kwenye baridi, akarudi pua nyekundu, hakulitaja tena siku ile.

Ijumaa tulikaa mimi na Paula kwenye korido, kwenye viti vya watoto, magoti yametufika kifuani. Mtihani ulikuwa wa saa moja. Saa ikapita, mlango haujafunguliwa. Paula alikuwa anang'ata ukucha wa kidole gumba, tabia aliyoiacha zamani.

"Unaomba apate au akose?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Jibu la kwanza la kweli mwezi huu."

Hatimaye tukaitwa. Halina alikuwa amesimama ubaoni, vidole vimejaa weusi wa penseli.

"Thelathini na nne," alisema mwalimu.

Paula alipiga makofi mara moja, kisha akajizuia, maana uso wa mwalimu haukuwa wa sherehe.

"Amekosa sita. Matano kati ya hayo yako sehemu moja: mistari ya kwenye grafu, mwinuko wake, inakata mhimili wapi. Kwingine hana tatizo. Hapa kuna shimo. Na aljebra karibu yote inapita juu ya shimo hili."

"Basi asiruke," nilisema.

"Amevuka alama uliyoiweka wewe mwenyewe, Mwalimu," Paula alisema palepale. "Thelathini na nne ni thelathini na nne."

"Nimewaona walioingia na shimo kama hili wakavuka. Nimewaona waliozama. Nimefundisha miaka ishirini na mbili na bado siwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama."

Halina alikuwa ameichukua karatasi yake. Aliyatazama yale matano mojamoja.

"Haya sikuyaelewa," alisema. "Nilibahatisha. Hata hili nililopata, nalo nilibahatisha."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo kuhusu hesabu. Tangu anajifunza kuhesabu vijiko.

"Bado unataka kwenda?" nilimwuliza.

"Bado nataka. Naogopa, lakini nataka."

Mwalimu alitoa fomu mpya kwenye droo. Niliitia sahihi nimesimama, na ilitoka mbaya kuliko ile ya kughushi. Halina aliitazama, akabana midomo asicheke. Mimi nilicheka kwanza.

Kiangazi chote alifanya kitabu cha mazoezi alichopewa na mwalimu, mara nyingi kwa kununa. Septemba akaingia aljebra. Wiki ya pili ya Oktoba nilikwenda kumchukua shuleni, akaingia garini, na kabla hajafunga mkanda akaniwekea karatasi mapajani. Hamsini na nane kwa mia, kwa wino mwekundu.

Maneno yalinijaa mdomoni. Mnayajua ni maneno gani. Niliyameza, na hayakuwa matamu.

"Mwalimu Abernathy anafungua darasa saa ngapi asubuhi?" nilimwuliza.

"Saa moja kasoro robo. Kwa wanaohitaji msaada." Akatazama dirishani. "Wanaonijua wataniona nikiingia."

"Watakuona."

Alifikiri hadi tulipofika kwenye taa za barabarani.

"Basi uniamshe saa kumi na mbili kasoro," alisema. "Na usinipigie honi nikichelewa kutoka."