Walinzi Wasiosikia Yowe

Siku kila kitu kilipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Agosti, mwaka 2012. Dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Mashamba ya Susuni yaliachiwa kunguru, kila mwenye sululu yuko mlimani. Asubuhi hiyo ukuta wa shimo ulimwangukia Waisiko, mke wa Magige, aliyekuwa akiokota mawe kwenye kifusi. Magige alimfukua, akambeba mgongoni mpaka lango la machimbo, akapiga yowe afunguliwe ampeleke hospitali. Lango lilikuwa limefungwa kwa amri ya wakubwa. Walinzi wawili hawakulifungua. Waisiko akakata roho pale pale.

Wakubwa wakaja na magari yao, wakaunda kamati, kamati ikanywa soda, ikaondoka. Magige hakuwasamehe. Asamehe kwa lipi?

Binti yake Lilian alipokua alijifunza kompyuta Mwanza, akarudi na gemu aliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mama yake: mtu amebeba mgonjwa, anatafuta namna ya kupita lango lenye walinzi. Akaiweka kwenye banda la gemu pale Turwa, akamwita baba yake aje aone.

Vijana walicheza kidogo, wakaanza kucheka. Mchezaji akibonyeza kitufe, mtu wake anapiga yowe. Walinzi wanaendelea tu kuzunguka, kama mbuzi waliofungwa kamba.

"We Lilian," akasema Werema, fundi pikipiki asiyejua kunyamaza, "hawa Wakurya wa wapi? Mkurya akisikia yowe, hata kama anaoga atatoka na povu!"

Banda likaangua kicheko. Wakahamia gemu ya mpira.

Lilian akainamisha kichwa. "Nitawafanya walikimbilie yowe. La sivyo naifuta yote."

"Wakikimbia umemtukana mama yako," Magige akafoka. "Siku ile walikimbia? Wale ni mashetani. Waache hivyo hivyo."

"Tata, shetani hana raha kucheza naye. Unajua tayari atafanya nini." Akamsogelea baba yake. "Hawakukimbia, sawa. Sasa walifanyaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata ile kamati. Magige akakaa kwenye benchi.

"Yule mrefu alipiga hatua moja kuja kwangu. Akasimama. Redio ya upepo begani ikamwambia kitu, akarudi. Mikono ilimtetemeka mpaka funguo zikawa zinalia." Akatema mate nje ya mlango. "Sijawahi kuzitaja hizo funguo. Ukizisikia, huwezi kumchukia mtu vizuri."

Lilian akarudi kwenye kompyuta yake. Siku vijana walipoitwa tena, Werema ndiye aliyeshika padi ya kuchezea. Akapiga yowe. Mlinzi mrefu akageuka. Akapiga hatua moja. Funguo zikalia, redio ikakoroma.

Vijana wakasogea karibu na kioo.

"Usisogee, anafikiria!" mmoja akanong'ona.

Mlinzi akarudi langoni. Werema akashindwa, akashindwa tena, akakataa kuachia padi. "Huyu sasa ni mtu," akasema huku akifuta jasho. "Mtu wa hovyo, lakini mtu. Kusita kwake ndiko kunaniua."

Wakamnyang'anya, wakapokezana kwa kugombana. Ndipo Werema akamgeukia Magige. "Shikamoo mzee. Hebu jaribu na wewe."

Vidole vya Magige vilizoea jembe. Akapiga yowe, mlinzi akasita. Redio ikakoroma. Magige hakurudi nyuma, akasogea, akapiga yowe la pili. Mlinzi akaitazama redio, akamtazama mgonjwa. Akaing'oa begani, akaitupa chini, akafungua lango.

Banda zima likasimama kwa kelele. Magige akacheka, kicheko ambacho Lilian hakukijua, na machozi yakiteremka humo humo.

Kwenye kioo cha runinga mgonjwa alikuwa ameshapita. Redio ililala vumbini ikiendelea kukoroma.

"Lilian, huyu anayesema humo ndani, umempa sura gani?"

"Sijampa, tata. Simjui."

Magige akaishusha padi mapajani, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Basi siku ile, kwenye ile redio, alikuwa anasema nani?"