Wosia wa Mtani

Aliyekwambia Mzaramo ana adabu kwenye msiba wa Mnyamwezi amekudanganya. Jeneza linatoka, sie tunalala njiani, tunadai haliendi popote mpaka tupewe chetu. Tunavaa nguo za marehemu, tunatembea alivyokuwa anatembea, tunamsema mbele ya watoto wake, na wafiwa wakicheka hata mara moja tu tunajua kazi tumeifanya. Wao nao wanatufanyia hivyo hivyo tukifiwa sie. Na mie Mwanabaraka binti Mwinjuma, fundi cherehani wa Mbagala, kwa utani mtaa mzima hakuna wa kunifikia. Kwa hiyo alipokufa Mzee Leonardi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mnyamwezi wangu wa miaka yote, watu walikaa chini ya turubai wakiningoja mie.

Lakini nikueleze kwanza habari za santuri zake, maana bila hizo hutaelewa kwa nini leo naujutia mdomo wangu.

Mzee Leonardi alikuwa fundi wa redio na gramafoni, enzi zake pale Kariakoo. Watu wa balozi wakihama, au maktaba ya wageni ikifungwa na vitu vinauzwa kwa bei ya kutupa, yeye wa kwanza mlangoni. Usidhani alizoa kila kitu. Wale watunzi mashuhuri wa Ulaya, ambao hata kwenye tangazo la sabuni utawasikia, aliwapita kama hawaoni. Alikuwa anasema hao wana watu wao dunia nzima, hawakosi mgeni. Alitafuta wale wasiojulikana. Anaitoa santuri kwenye mfuko wake, anaielekeza kwenye mwanga, anaitazama. Ikiwa haina mkwaruzo hata mmoja, basi maana yake tangu inunuliwe hakuna aliyeisikiliza. Hiyo ndiyo anayoibeba.

Kila Jumapili, akisharudi kanisani na kula, anafungua dirisha la sebuleni linalotazama baraza yangu, anaweka sindano. Mtaa wa nyuma singeli inapigwa mpaka mabati yanatetemeka, na huku mzee kakaa na watu wanne na fidla zao, wanaongea taratibu kama wazee wa baraza. Mara ya kwanza anaisikiliza yote hasemi neno. Akiirudia, ananiuliza kupitia dirishani, "Mtani, umesikia nini?"

Mie namjibu upuuzi. Siku moja aliweka ya hao wa fidla nne, mmoja anaanza, anasita, anaanza tena pale pale, wenzake wanamngoja. Nikamwambia huyo ni bibi anatafuta miwani, nayo kaivaa. Alicheka mpaka akakohoa, na kuanzia hapo santuri ile ikaitwa Bibi Anatafuta Miwani. Nyingine ya okestra kubwa, ngoma zinanguruma mbali, unasubiri, halafu hakuna kitu. Nikaiita Mvua ya Madale, kwa kuwa mvua ya huko tunaiona tu kwa mbali, huku Mbagala haifiki. Ilikuwepo Mama Mkwe Kafika, ikawepo Fundi Hana Chenji. Majina yenyewe yaliandikwa kwa lugha za nchi za baridi ambazo hata yeye alikuwa hazijui, basi tukaenda na ya kwangu. Kila wiki alikuwa na mpya, na kila mpya nilimpa jina la kuudhi, na hakuudhika.

Tena nilizipenda. Nilizipenda kweli kweli, wala sijui kwa nini, mie ambaye nimekulia kwenye taarab na vanga. Ikianza ile ya Bibi nilikuwa nasimamisha cherehani. Akiniuliza mbona kimya, namwambia uzi umekatika. Uzi wangu ulikuwa unakatika kila Jumapili. Sikuwahi kumwambia. Utamwambiaje mtani wako kwamba kitu chake umekipenda? Siku hiyo hiyo angenitangaza mpaka kituoni Rangi Tatu.

Sasa siku ya mazishi. Nikavaa koti lake la kanisani na miwani yake. Nikachukua sinia la bati, nikalifanya santuri, nikalipuliza vumbi kama alivyokuwa anapuliza. Nikanyanyua kidole watu wanyamaze, maana ndizo zilikuwa zake, sindano ikigusa tu kidole juu. Halafu nikalia kama fidla, nikasita, nikaanza tena. Watu walivunjika mbavu. Hata mjane wake, Mama Augustine, aliyekuwa amelala kwenye godoro kati ya wanawake, alijifunika uso na khanga, nikaona mabega yanacheza. Mie nikimwona mtu kacheka siwezi kuacha, nazidisha.

"Jamani, marehemu kaniachia wosia," nikasema. "Akishazikwa tu, masanturi yake yatupwe. Malaika wamemwambia aje peke yake, hayo makelele ayaache huku huku."

Watu wakapiga makofi. Nikapewa kuku wangu wa utani, nikaenda zangu nimeridhika.

Baada ya kuanua matanga nilikaa na cherehani yangu barazani Jumapili, na nakwambia ukweli, nilikuwa nimejipanga. Nilitaka nimwombe Mama Augustine aniruhusu niingie niweke moja tu. Nilishatafuta hadi uongo wa kumwambia, kwamba eti nataka kuzicheka mara ya mwisho. Nikapiga hodi, nikaingia. Ukuta ule wa rafu, kutoka sakafuni mpaka darini, ulikuwa mtupu. Pleya ilikuwepo, spika zilikuwepo, santuri hakuna hata moja.

Mama Augustine alikuwa kwenye kiti, anautazama ukuta. Mwanawe Augustine alikuwa anafagia. Kijana mpole, kakulia bwenini, kazi yake iko Mbeya, misiba yetu mingi kaijulia kwenye simu. Akaniamkia shikamoo, nikaitika huku nauliza vitu viko wapi.

"Si wewe mama ulitoa wosia wa mzee?" akasema. "Juzi alipita yule wa mkokoteni anayenunua plastiki, nikampa zote. Na kabla ya hapo nilimuuliza..."

Sikumwacha amalize. Nilimpandia. Nilimwambia mtu mzima na shule yote hiyo, mtoto wa Mnyamwezi, hajui utani ni nini. Nikamwambia kamzika baba yake mara mbili. Nilisema mengi ambayo sasa yanarudi yananikaba mie mwenyewe. Alisimama na ufagio wake, macho chini. Mama yake aliendelea kuutazama ukuta.

Nilikwenda kwangu nikajifungia. Hasira ilipopoa nikabaki na ukweli, nao ulikuwa mbaya. Mtoto kasikia nimesema, katenda. Mdomo ulikuwa wa nani?

Nikamwita binti yangu Lulu, nikamwambia atafute kwenye simu, siku hizi si kila kitu kimo humo? Akaniuliza jina la wimbo. Nimwambie aandike Bibi Anatafuta Miwani? Aandike Mama Mkwe Kafika? Akaniuliza basi mtunzi nani. Sijui. Nchi gani? Ya baridi. Alinitazama kama mtu anayeumwa. Nikajaribu kumwimbia, simu ikamletea kwaya ya watoto. Wale watu waliokaa miaka yote hakuna wa kuwasikiliza, wakapata nyumba moja Mbagala, na mwenye nyumba kafa, na mie nimewafutia hata majina.

Siku ya pili nilikwenda kwenye yadi wanakopima plastiki, nyuma ya soko. Mwenye yadi anaitwa Petro, mtu mwema, alinikumbuka kwa sababu nilimshonea mkewe sare ya harusi. Nikamweleza. Akanipeleka kwenye mashine ya kusaga, akafungua gunia. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi, vidogo vidogo, vinang'aa. Vingine vilikuwa bado na karatasi ya katikati, kipande cha rangi nyekundu, herufi mbili tatu. Niliomba nichukue kidogo. Akaniambia chukua mama, akafunga kwenye mfuko bila kuniuliza za nini. Za nini, hata mie nilikuwa sijui. Nililia njia nzima, na mtu aliyeniuliza nilimwambia vumbi.

Kumbe kwa Mama Augustine nako mambo yameharibika. Augustine mwenyewe ndiye aliyenijia barazani, kwa heshima zake zote, baada ya mie kumtukana vile. Akaniambia mama hamsemeshi. Akimpelekea chai anaipokea, uso anaugeuzia ukutani. Akimuuliza kitu anajibiwa na ukimya. Kesho yake asubuhi alitakiwa awe kwenye basi la Mbeya, likizo imekwisha, na anaogopa kuondoka hivyo. Baba yake alimwachia mama, akasema, na yeye mama amemshinda katika wiki mbili. Akaniomba nikamsemee, maana mie na mama yake tunaelewana.

Nilimwambia nitakwenda. Sikulala. Huyu mtoto anakwenda kubebeshwa kinyongo cha mama yake mpaka lini, kwa ajili ya maneno yangu? Na nikikiri, Mama Augustine ndiye jirani pekee ninayeweza kumgongea bila sababu. Nitampoteza. Nikajipa moyo, nikasema Mwanabaraka, ulipokuwa unalifanya sinia santuri hukuona aibu, leo unaona aibu ya nini?

Asubuhi nilimkuta Augustine na begi mlangoni. Nikampita, nikaenda kukaa chini kwenye mkeka, miguuni pa mama yake, nikaweka ule mfuko wa vipande mbele yake.

"Mama Augustine, mwachie mwanao," nikamwambia. "Hana kosa. Wosia ule niliutunga mie, pale pale, kwa kuwa watu walikuwa wanacheka. Mzee hakuniambia kitu kama hicho. Nimekwenda mpaka yadini, zimeshasagwa, hizi ndizo zilizobaki. Kama ni kununiwa, ninuniwe mie."

Nikataka kuendelea. Akanishika bega.

"Nyamaza," akasema. "Aliniuliza huyu. Kabla hajamwita wa mkokoteni alikuja chumbani akaniuliza, mama, ni kweli baba alisema zitupwe? Nikamwambia ndiyo."

Nikamtetea. Nikamwambia ulikuwa na msiba, ulichoka, hukujua unachojibu, au ulidhani utani unaendelea.

"Nilijua ni utani. Nani asiyekujua wewe? Nilitaka ziondoke, Mwanabaraka." Alikuwa anauongelesha ukuta. "Tangu ananioa kila Jumapili nanyanyuliwa kidole ndani ya nyumba yangu. Nikikohoa, kidole. Nikimwambia habari za watoto, kidole. Ukaja ukanipa wosia bure, nikauchukua. Ndiyo maana siwezi kumtazama huyu mtoto. Katupa vitu vya baba yake kwa mkono wake, na aliyemdanganya ni mama yake."

Nilisikia begi linawekwa chini. Augustine alikuwa bado mlangoni, kasikia yote. Alikuja akapiga magoti kando yangu, akamshika mama yake mikono, na safari hii mama hakugeuza uso. Walilia pamoja. Nikaona kazi iliyonileta imekwisha, nikataka kunyanyuka niwaachie nafasi yao.

"Ngoja," Mama Augustine akaniambia. "Wewe alikuwa anakuuliza umesikia nini. Nilikuwa nakaa jikoni namsikia. Kila Jumapili anakuuliza wewe, dirishani, na mnacheka. Mie hakuniuliza hata siku moja."

Miaka yote ile nilidhani yule mzee ana msikilizaji mmoja wa kumkera, kumbe jikoni mlikuwa na wa pili, na kiti nilikuwa nimekikalia mie. Sikuwahi kumkaribisha. Sikuwahi hata kujiuliza yuko wapi muda ule. Na kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa mzaha.

"Na ulikuwa unazipenda?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Ndilo jibu nililompa mumewe mpaka anaingia kaburini, na sasa hivi lingemfaa huyu mjane kuliko ukweli.

"Nilizipenda," nikasema. "Sana."

"Yeye alijua?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa polepole. Akauvuta ule mfuko wa vipande, akaufungua, akachukua kimoja chenye karatasi nyekundu, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha kukitazama. Kisha akanipa.

"Kaa nacho wewe," akasema. "Mie sikuwahi kusikiliza."